Kivunde cha Bibi Inamahoro

Wakimbizi walimwita Mama Vyungu, na kwa karibu mwaka mzima Elinipa Mrutu alidhani ni jina la kumheshimu. Alikuwa afisa lishe. Siku tatu kwa wiki alisimama kwenye jiko la mfano, chini ya turubai, akiwaonyesha wanawake wa kambini namna ya kupika uji wa watoto wenye utapiamlo, na mbele yake hapakukosa vyungu. Jina lilimkaa vizuri. Alilitaja kwenye barua kwa mama yake huko Usangi, na mama yake akajibu kwamba amefurahi kusikia watu wa huko wanampenda.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Hakuwa ameolewa. Alisomea lishe chuoni miaka mitatu, akafanya kazi kidogo Same, kisha akapangiwa Kigoma, akashuka kwenye treni na sanduku moja na jiko la mchina. Alipanga chumba Gungu. Jumatatu alfajiri gari la shirika lilimpitia, likavuka Kidahwe, likapanda vilima kuelekea kambini. Ijumaa jioni likamrudisha, nguo zake zikiwa zimebadilika rangi kwa vumbi. Jumamosi alifua. Jumapili alikwenda kanisani, na akitoka huko alikaa mahali ambapo ziwa lilionekana, akawaza mambo yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wenzake kazini walisema anajua kazi, na yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Jambo lenyewe lilitokea Novemba mwaka wa tisini na nane, mvua za kwanza zilipoleta kipindupindu kambini. Benedict, mkuu wa afya wa shirika, mtu wa Songea mwenye sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko ya kufoka, aliwakusanya watumishi wote chini ya mwembe wa ofisi.

"Maji yoyote yaliyosimama kwenye chombo yafunikwe au yamwagwe," alisema. "Sitaki mjadala nyumba kwa nyumba. Watu wanakufa."

Elinipa akapewa bloku ya tano. Nyumba ya nne aliyoingia ilikuwa ya Bibi Inamahoro, mama mkongwe aliyevuka mpaka kutoka Burundi akitembea na binti yake Goreth na wajukuu wawili. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage ya mgao. Elinipa, aliyelelewa Upareni, hakuweza kumpita mtu wa umri ule bila kumwamkia, hata siku ya kipindupindu.

"Shikamoo, Bibi."

Kikongwe aliinua uso. Warundi hawaamkiani hivyo, lakini jibu alikuwa amejifunza, na alilitoa kama mtu anayeonyesha nguo mpya. "Marahaba. Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake kulikuwa na chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Elinipa akafunua. Mahindi ya punje yalikuwa yamevimba ndani ya maji ya rangi ya majivu, na juu yake povu dogo. Harufu kali ilimpanda puani.

"Humu mna nini?"

"Mahindi, mama," alisema Goreth, akitoka ndani na mtoto mgongoni. "Ameloweka."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya tatu. Kesho tunayaanika, halafu tunatwanga."

"Ni ikivunde," alisema Bibi Inamahoro mwenyewe, akitabasamu.

"Unasikia?" Elinipa alimwambia Goreth. "Hata yeye mwenyewe anakiri kwamba kimevunda."

"Siyo hivyo, mama. Ni jina lake tu. Kwetu tunafanya kwa mihogo. Huku hatupewi mihogo, ndiyo maana anafanya kwa mahindi. Unga wake unakuwa mlaini, na yeye meno hana."

"Goreth, bloku ya pili wamekufa watu wanne tangu Jumapili."

Elinipa aliinama, akakibeba chungu kwa mikono yake miwili, akatoka nacho hadi mtaroni na kukimwaga. Mahindi ya siku tano za mgao yalitawanyika kwenye matope, na kuku wa jirani wakaja mbio. Alipogeuka, kikongwe alikuwa anamtazama miguuni, akasema maneno kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayeweka sahihi.

"Anasemaje?"

"Anasema sawa," alijibu Goreth.

Maneno yalikuwa mengi kuliko sawa. Elinipa aliliona hilo, lakini nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Nyumba tatu mbele alimkuta Mzee Ntakarutimana, aliyefiwa na mke na kujipikia mwenyewe, akampa shikamoo, akamwaga na chungu chake. Kufikia jioni bloku nzima ilikuwa imemwagiwa vyungu, na asubuhi yake Elinipa aliandika tangazo kwa kalamu nene nyekundu na kulibandika kwenye ghala la mgao: NI MARUFUKU KUVUNDIKA NAFAKA. Lile tangazo lilikuwa lake mwenyewe. Benedict alikuwa amezungumza juu ya maji tu.

Kipindupindu kikaisha baada ya wiki tano, visima vilipotiwa dawa na vyoo vipya kuchimbwa. Kwenye kikao Benedict aliwataja watumishi waliojituma. Jina la Elinipa lilikuwa la pili.

Mwezi wa Mei Goreth alikuja kwenye jiko la mfano, akasubiri hadi wenzake walipoondoka.

"Mama yangu hali," alisema. "Kila kitu anasema hakina ladha. Anasema ugali ni kama kutafuna karatasi. Anatia chumvi, anatia tena, sisi wengine hatuwezi hata kukila hicho chakula. Tumegombana."

"Ana miaka mingapi?"

"Hajui. Sabini na kitu. Na mguu wake, mama. Alijikwaruza na kuni kwenye muundi, kidogo tu, kabla ya Pasaka. Mpaka leo."

Elinipa alikwenda kuuona. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, kisicho na usaha mwingi, kingo zake zimekaa tu kama zimesahau kazi. Muuguzi wa kliniki alikuwa anakifunga kila siku ya pili. Midomo ya kikongwe ilikuwa imechanika pembeni, na nywele zilizotoka chini ya kitambaa zilikuwa chache kuliko Novemba.

"Ni uzee, Goreth," alisema kwa upole. "Mwili ukizeeka unachoka. Mpe uji mara kwa mara, kidogo kidogo."

Baadaye alijaribu kuhesabu mara ngapi mwaka ule alisema ni uzee. Alilisema Julai pia, vumbi lilipokuwa jingi na watu wakikohoa kila bloku, na Mzee Ntakarutimana akakohoa siku tisa na kufa. Muuguzi alikuwa mjini, kwa hiyo Elinipa ndiye aliyejaza fomu. Penye sababu aliandika: kikohozi, uzee.

Semina ilifanyika mjini Kigoma mwezi wa Septemba, kwenye ukumbi wenye mapangaboi mawili, moja likizunguka. Walikuja maafisa lishe wa wilaya na wa makambi yote. Siku ya pili mwalimu alikuwa mama mfupi kutoka Morogoro aliyevaa miwani yenye kamba, ambaye alizungumza bila kutazama karatasi.

"Leo nataka tuzungumzie madini ambayo hamyataji kwenye taarifa zenu," alisema. "Chuma mnakitaja, madini joto mnayataja. Zinki hakuna anayeitaja, kwa sababu ugonjwa wake hauna jina. Mtu hafi kwa kukosa zinki, anakufa kwa kikohozi, kwa kuharisha, kwa kidonda. Askari wa mwili wanakuwa wachache na wavivu, basi. Na wazee wako hatarini kama watoto, maana mzee anakula kidogo, na tumbo lake linafyonza kidogo, na ile tezi ya kifuani inayofunza askari wake imeshasinyaa. Dalili zake mnazijua. Kidonda hakifungi. Nywele zinapukutika. Ulimi unapoteza ladha, mzee anadai chumvi, na ninyi mnasema anadeka."

Ukumbini watu walicheka kidogo. Elinipa aliendelea kuandika.

"Sasa mtaniambia, mama, wakimbizi wanapewa mahindi na maharage, na zinki imo. Ni kweli imo. Lakini kwenye ganda la punje kuna kitu kinaitwa fitati. Kinaishika zinki tumboni, kinatoka nayo. Unakula, halafu hujala. Asiyepata nyama wala dagaa amekwisha. Isipokuwa," na hapo alivua miwani, "isipokuwa bibi zetu walijua njia. Loweka nafaka siku mbili tatu mpaka ichachuke. Ule uchachu unaikata fitati kwa sehemu kubwa. Halafu uchachu huohuo haupendwi na vijidudu vya kuharisha. Togwa mnalijua nyote. Kila kabila hapa lina jina lake la kitu hiki. Wenyeji wa huku mnaitaje?"

Mtumishi mmoja Muha aliyekaa nyuma akajibu bila kuinua mkono, "Kwa mihogo tunasema kivunde, Mwalimu."

"Haya. Kivunde."

Kalamu ya Elinipa ilisimama. Alitazama neno alilokuwa ameliandika nusu. Mama yake mwenyewe alikuwa anachachusha uji kwenye kibuyu nyuma ya mlango, na yeye amekua akiunywa, kila asubuhi, kabla ya kwenda shule. Aliondoka nao mdomoni akaenda chuoni, na chuoni ndiko alikojifunza kuona povu na kufikiria uchafu. Kimevunda, kivunde. Maneno mawili ya ukoo mmoja. Ofisini kwao kulikuwa na Waha sita ambao wangemweleza tofauti kwa dakika moja, kama angeuliza.

Wakati wa chai hakunywa. Alimfuata mwalimu kwenye kibaraza.

"Mwalimu, mtu akizuiwa hicho kivunde. Mzee. Halafu akaugua. Mtu anaweza kusema ndicho kilichomwumiza?"

Mama wa Morogoro alimtazama kwa makini. "Chakula chake kingine ni nini?"

"Mgao. Mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Na mwaka huu mgao ulikatwa nusu miezi mitatu."

"Basi huwezi kusema ndicho. Wala huwezi kusema sicho. Kambini kwenu hakuna kipimo cha kukuambia." Akaweka kikombe chini. "Nani alimzuia?"

"Shirika," alisema Elinipa, na uongo huo mdogo ulimwuma kuliko yote, kwa sababu ulitoka haraka mno.

Jumamosi hakufua. Alikwenda Kibirizi, mwaloni, kwa Ziada, mama wa kijiji cha Mwamgongo aliyeshuka kila wiki na boti ya dagaa.

"Unapeleka kwenu bara?" aliuliza Ziada, akijaza kibaba. "Ninyi wageni mnatumalizia dagaa."

"Wa mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo anakula ndoo nzima?"

"Mzee hana meno. Nitawasaga."

Ziada akamwaga wale aliokuwa anawapima, akavuta kapu jingine kutoka nyuma. "Kwa nini husemi? Chukua hawa, wameanikwa kwenye nyavu, hawana mchanga. Hao wengine utamsagia mawe."

Jumatatu alimweleza Benedict kila kitu, amesimama, daftari la semina mkononi. Benedict alisikiliza mpaka mwisho.

"Liondoe tangazo," alisema. "Usiku wa manane au mchana, shauri yako, liondoe tu. Lakini usianze kutubu mbele ya watu, Elinipa. Kesho tukiwaambia wachemshe maji, watasema hata hawa hukosea."

"Si tumekosea?"

"Wewe umekosea. Wakati wa kipindupindu. Mimi ningefanya hivyohivyo." Alisema kwa wema, na wema ule haukumsaidia.

Mchana uleule aliwaita wanawake wa bloku ya tano kwenye jiko la mfano. Alikuwa ameibana ile karatasi ya maandishi mekundu kwapani, imekunjwa. Aliwaambia kwamba alikosea. Akawaeleza juu ya fitati kadiri alivyoweza, akasema kivunde kifanyike kama walivyozoea, ila maji yawe yamechemshwa na chungu kifunikwe. Alipomaliza walitazamana. Kisha mmoja akaziba mdomo kwa kanga, na mwingine akaguna, na mara turubai zima likawa linacheka.

"Mama Vyungu," alisema mwanamke wa mbele, akijifuta macho, "kwani tuliacha lini?"

"Mlikuwa mnafanya?"

"Chini ya kitanda. Wewe ukipita tunakaa juu yake."

"Mimi nilikuwa nakwambia mtoto amejikojolea," alisema mwingine, na kicheko kikaanza upya. "Ukanipa na sabuni."

Elinipa naye alicheka, kwa sababu alihisi mzigo unamtoka mabegani. Basi hakuwa amemdhuru mtu. Hapo ndipo alipoelewa jina lake pia, kwamba lilitokana na vyungu alivyomwaga, na hata hilo lilimchekesha. Alimtafuta Goreth kwa macho. Goreth peke yake hakuwa anacheka.

"Na ninyi?" alimwuliza baadaye, wakitembea kuelekea nyumbani, mfuko wa dagaa katikati yao.

"Sisi tuliacha. Mimi nilitaka tufiche kama wengine, mama akakataa. Yeye na Mzee Ntakarutimana. Ndio wawili tu walioacha."

"Kwa nini?"

"Mwulize mwenyewe."

Bibi Inamahoro hakuwa mlangoni tena. Alikuwa amelala ndani kwenye mkeka, mguu juu ya gunia lililokunjwa. Kidonda kilikuwa kimekua. Wiki ile muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba kikifika mfupani watampeleka mjini, na huko wataukata. Kwa umri ule, alisema, wakiukata sijui kama atarudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Safari hii mara moja.

Elinipa akakaa chini kwenye udongo. Alizungumza, na Goreth akatafsiri. Alisema ile siku ya chungu hakujua. Alisema kivunde kilikuwa chakula kizuri, pengine ndicho kilichokuwa kinamlinda, na kwamba yeye ndiye aliyeandika lile tangazo, si shirika. Kisha akauliza kwa nini alitii wakati bloku nzima ilikataa.

Kikongwe alijibu kirefu, macho yake kwenye paa. Goreth alikuwa anatafsiri akitazama pembeni.

"Anasema aliniuliza maana ya neno shikamoo. Zamani, tulipofika. Mimi nikamwambia, maana yake ni nashika miguu yako. Anasema, ile siku mtu mwenye kazi ya shirika, amevaa viatu, alikuja akamshika miguu yeye mkimbizi, halafu ndiyo akamwaga chungu chake. Akafikiri, anayeanza kwa kunishika miguu hawezi kunidanganya, lazima anajua kitu mimi sikijui. Ndivyo alivyosema ile siku. Mimi nikakwambia amesema sawa. Na Mzee Ntakarutimana naye alisema vilevile."

Bibi Inamahoro akaongeza neno, na Goreth akasita.

"Anasema, kumbe hukujua."

"Sikujua, Bibi."

Kikongwe alitafakari. Kisha akausogeza mguu wenye kidonda, kwa shida, mpaka ukagusa magoti ya Elinipa, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, pole pole, "Basi, shika sasa."

Elinipa aliushika. Hakuwa muuguzi, lakini aliomba maji ya moto na chumvi, akakiosha kidonda chote, kingo hadi kingo, na kikongwe akatazama kazi ile kama mtu anayesimamia kibarua. Mguu ulikuwa mwepesi sana.

Tangu siku hiyo alikwenda kila jioni aliyokuwa kambini. Kivunde walikiweka upya, na Bibi Inamahoro alimfundisha akiwa amelala: maji yapite punje kwa vidole viwili, jani la mgomba liwe bichi, usikoroge, usichungulie. Dagaa aliwatwanga Goreth, wakatiwa kwenye maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Tatizo lilikuwa wajukuu. Kikongwe alikuwa anawapa dagaa wake kila Goreth alipogeuka, kwa hiyo Elinipa akawa anakaa mbele yake mpaka sahani iishe.

"Nimekuwa mtoto wa utapiamlo," alilalamika Bibi Inamahoro kupitia kwa Goreth. "Usisahau kunipima mkono kwa ule utepe wako wa kupimia watoto."

"Fungua mdomo, Bibi."

"Hakina ladha."

"Najua. Meza."

Wiki ya kwanza hapakuwa na badiliko. Wiki ya tatu muuguzi alisema kidonda hakijakua, na akaahirisha gari la mjini. Wiki ya tano ngozi nyembamba ya rangi ya waridi ilianza kuingia kutoka kingoni, kama ukingo wa maji unaporudi mchangani. Elinipa hakujiruhusu kufurahi. Mwezi huohuo mgao ulikuwa umerudishwa kamili, na muuguzi alikuwa amepata dawa mpya ya vidonda. Katika daftari lake aliandika yote matatu, bila kujua lipi lilikuwa limefanya kazi. Alijua tu kwamba kama ni zinki imefunga kidonda hiki, basi ni kukosekana kwake kulikokiacha wazi. Asingeweza kuichukua nusu ya hesabu akaiacha nusu.

Siku ya mwisho wa Novemba, mwaka mmoja na siku chache tangu chungu kile, alimkuta Bibi Inamahoro amerudi kwenye kigoda chake mlangoni. Sahani ilikuwa mapajani. Alikula tonge moja, akasimamisha taya, akakunja uso.

"Goreth."

"Mama."

Alisema kitu kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Goreth alibaki ameshika mwiko hewani.

"Anasemaje?" aliuliza Elinipa.

"Anasema nimejaza chumvi. Anasema chakula gani hiki, nataka kumwua?" Goreth akaanza kucheka, kisha akawa analia, kisha yote mawili. "Nimetia kama anavyotaka siku zote. Kama anavyotaka siku zote, mama."

Kikongwe alisukuma sahani. Elinipa aliinama akaonja. Ilikuwa chumvi tupu, haikulika. Alimshika Bibi mkono. Kovu la mguuni lilikuwa kavu, jeusi pembeni, dogo kuliko lilivyotarajiwa.

Bibi Inamahoro alimwacha akae hivyo kwa muda. Kisha akamwambia Goreth kitu, na Goreth akakataa kutafsiri. Akarudia kwa ukali.

"Anasema," alisema Goreth, "kwangu mimi umemaliza. Nenda kwa mwenzangu."

Makaburi ya kambi yalikuwa nyuma ya bloku ya mwisho, mahali ardhi inapoanza kushuka. Ilikuwa saa kumi na moja, mvua imekatika. Elinipa alipita kwenye misalaba ya miti akisoma majina mpaka akalipata, limeandikwa kwa rangi ileile nyekundu ya ofisini: Ntakarutimana, 1999. Nyumba yake walishaingia watu wengine. Hakuwa na mke wala mtoto wa kuombwa radhi, wala mguu wa kuoshwa. Kule ofisini ilikuwepo fomu yenye mwandiko wake, na asubuhi ile alikuwa ameitoa kwenye jalada, akaishika kalamu, akashindwa kulifuta neno uzee kwa kukosa neno la kuliweka mahali pake.

Alivua viatu, kwa sababu aliona haya kusimama navyo, akachuchumaa.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

Akangoja kwa muda ule ambao mtu huhitaji kuitikia. Kisha akangoja tena.